Gesi gani uweke kwenye mtambo wa umeme kama joto lako halifiki hata nyuzi 100

Haya jamani, tuanzie Chena, kule Alaska, Marekani. Maji yao ya chemchemi yana nyuzi 74 tu, hata kuchemka hayachemki, na umeme walikuwa wanapata kwa dizeli mpaka 2006 walipofunga mtambo wa kilowati 200, ndani wakaweka R134a, ile ile gesi ambayo fundi anakujazia kwenye AC ya gari. Maji ya moto yanaichemsha, mvuke wake unazungusha mashine ya umeme, kisha inapozwa na kurudi tena.

Watu wanauliza, kwani maji yenyewe yana shida gani, mbona tusitumie mvuke wake? Sikia, hayo maji ya nyuzi 74 yanachemsha kilicho ndani kwenye kama nyuzi 58, na hapo mvuke wa maji presha yake haifiki hata robo ya hewa hii tunayovuta, sasa utazungusha nini na huo? R134a kwa joto hilo hilo inakupa kama baa 16 (baa moja ni kama presha ya hewa hii), inazungusha tabaini, yaani gurudumu linaloendesha jenereta, inaingia kwenye kondensa, sehemu ya kuipoza irudi kuwa kimiminika, ikipoa mpaka nyuzi 12 bado ina baa 4 na kidogo. Hapo upande wa baridi ndo napataka mpaangalie sana, wengi wanaangalia upande wa moto tu. Pentani kwa mfano, kampuni ya Ormat wanaitumia kwenye umeme wa joto la ardhini Olkaria kule Kenya na inawafaa maana joto lao ni kubwa, ila kwenye nyuzi 12 inashuka chini ya nusu baa, sili moja ikilegea hewa inanyonywa ndani, na humo ndani mna kitu kinachowaka kama petroli!

Halafu kuna hela. Chena umeme unaotoka ni kama asilimia 8 tu ya joto linaloingia, kwa hiyo ukinunua vifaa vya bei mbaya umekwisha, wao walichukua mashine ya kupoza majengo wakaigeuza, kompresa ikawa tabaini.

Lakini leo R134a siwashauri, kilo moja ikivuja inapasha dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi, na tangu makubaliano ya Kigali ya 2016 gesi za aina hiyo zinapunguzwa. Mimi kwa mtambo mdogo naenda na isobutani, R600a, iko kwenye friji nyingi mpya na kwenye nyuzi 12 ina zaidi ya baa 2. Inawaka, ndiyo, na friji ina gramu chache wakati mtambo unabeba makilo, kwa hiyo fungeni nje penye upepo, na kwa vile haitiwi harufu kama ya mtungi wa jikoni na ni nzito kuliko hewa, kifaa cha kunusa gesi kikae chini kabisa karibu na sakafu, na mitaro ya nyaya izibeni gesi isipite humo.