Meli Ilikuwa Inaelekea Wapi?

Asanteni sana, na samahani kwa kuchelewa kuanza. Kipaza sauti kina mambo yake.

Nimeombwa nizungumzie wabunge wa upinzani wa Uingereza, hasa wale wa viti vya nyuma, na mchango wao katika mijadala na kamati. Nilipoanza kuandaa maelezo niliona nikiwataja wote tutalala hapa. Kwa hiyo nitamchukua mmoja, Tam Dalyell, tena katika miaka mitatu tu ya maisha yake marefu bungeni, kuanzia 1982 hadi 1985. Miaka hiyo alikuwa na swali moja mdomoni: meli ilikuwa inaelekea wapi?

Tuanze na mahali penyewe. Bunge la Westminster lina wabunge 650, lakini ukumbi wao una nafasi za watu wasiozidi 430 hivi. Siku ya mjadala mkubwa wengine husimama mlangoni kama abiria wa daladala. Viti vya mbele upande mmoja ni vya mawaziri, na upande wa pili, wakitazamana nao, hukaa mawaziri vivuli. Walio nyuma yao hawana wizara, hawana gari la serikali, hawana afisa wa kuwaandikia hotuba. Akiwa wa upinzani juu ya hayo, basi hata kura yake haina uzito. Baada ya uchaguzi wa Juni 1983, waziri mkuu Margaret Thatcher aliwazidi wapinzani wote kwa pamoja kwa viti 144. Mnadhimu wa upinzani angewakusanya wabunge wake wote, wagonjwa wakaletwa kwa machela, na bado serikali ingeshinda na kwenda zake kula chakula cha jioni.

Mtu huyo amebakiwa na nini? Amebakiwa na swali, ambalo waziri analazimika kulijibu. Ana mjadala wa kuahirisha kikao, ile nusu saa ya mwisho ukumbi ukiwa mtupu, ambapo mbunge mmoja hueleza jambo lake na waziri mmoja hubaki kumjibu. Akibahatika ana kiti kwenye kamati teule, yaani kamati ya wabunge inayochunguza kazi za wizara. Na ana Hansard, kumbukumbu rasmi, ambamo kila kinachosemwa kinaandikwa.

Sisi wa Afrika Mashariki thamani ya kumbukumbu hizo tunaijua kupitia Hola, kambi ya wafungwa ya wakoloni nchini Kenya. Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja walipigwa hadi kufa kambini pale, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Chama cha Labour, kikiwa upinzani, kililileta jambo hilo bungeni London, na usiku wa Julai mwaka huo maelezo ya serikali yakachambuliwa neno kwa neno. Hotuba iliyouma kuliko zote, ajabu ni kwamba, haikutoka upinzani. Ilitoka kwa Enoch Powell, mbunge wa nyuma wa chama tawala, mtu ambaye kwa mengine mengi hatuna la kumshukuru. Serikali haikuanguka. Lakini ile habari ya maji ilibaki imeandikwa, na aibu yake pia.

Turudi kwa Dalyell. Alikuwa Mskoti, mtoto wa ukoo wa kikabaila, amesoma Eton na Cambridge, aliyeingia bungeni mwaka 1962 kwa tiketi ya Labour kupitia uchaguzi mdogo wa West Lothian. Si mtu ambaye ungemtegemea awe kero. Lakini mwaka 1968, chama chake kikiwa madarakani, alipitisha kwa gazeti yaliyosemwa ndani ya kamati kuhusu Porton Down, kituo cha utafiti wa silaha za kemikali na vijidudu. Aliitwa mbele ya Bunge zima, akasimama, Spika akamkaripia. Likumbukeni hilo la kamati, maana litamrudia.

Vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falkland vilipozuka Aprili 1982, alikuwa msemaji wa upinzani wa masuala ya sayansi. Akapinga vita, akapiga kura kinyume na uongozi wa chama chake, na kiongozi wake Michael Foot akamvua wadhifa. Akarudi nyuma. Nadhani hapo ndipo alipopata uhuru wake, maana hakuwa tena na cha kupoteza.

Tarehe 2 Mei 1982, nyambizi ya Uingereza, Conqueror, iliizamisha manowari ya Argentina, General Belgrano. Walikufa watu 323. Siku mbili baadaye waziri wa ulinzi, John Nott, aliliambia Bunge kwamba nyambizi iliigundua manowari hiyo tarehe 2 Mei, na kwamba ilikuwa inakaribia meli za Uingereza, zikiwa umbali wa saa chache tu. Vita vilikuwa vimepamba moto, askari wako baharini. Nani angesimama kuhoji?

Dalyell alihoji. Alisoma, akawapigia watu simu, akaandika barua, kipande kwa kipande. Ikabainika kwamba nyambizi ilikuwa ikiiandama Belgrano kwa zaidi ya siku nzima. Ikabainika pia kwamba ilipopigwa ilikuwa nje ya eneo la marufuku la maili 200 kuzunguka visiwa ambalo Uingereza yenyewe ilikuwa imelitangaza, na ilikuwa imegeuka kwa saa kadhaa, imeyapa mgongo mapigano, inaelekea magharibi kwao.

Nataka nikae kidogo kwenye namna alivyouliza, maana wengi wetu hatujui kuuliza. Angalieni bunge lolote, hata letu. Mbunge anapewa dakika moja ya swali la nyongeza, anatumia sekunde hamsini kuhutubia, na waziri anachagua kipande kilicho laini anakijibu. Dalyell alikuwa kinyume. Maswali yake yalikuwa mafupi na makavu: saa ngapi, meli ilikuwa wapi, nani alijua, lini waziri alijulishwa. Wanamkumbuka kwa kuinuka mara nyingine na kutamka neno moja tu, "Kwa nini?", kisha akakaa. Waziri amekuja na faili lenye majibu ya kila aina, na hakuna karatasi ndani yake iliyoandaliwa kwa neno moja.

Alikuwa pia na ubishi usiopendeza. Kule ni mwiko kumwita mbunge mwenzako mwongo. Ukitamka, Spika anakutaka ufute kauli, ukikataa unatolewa nje. Dalyell alilitumia neno hilo kwa waziri mkuu na akatolewa, zaidi ya mara moja. Wenzake wa Labour walikuwa wakigeuza macho juu akisimama: huyo tena na meli yake. Nawaelewa. Mtu mwenye jambo moja anachosha.

Lakini kila swali lililoandikwa bungeni linatua kwenye meza ya mtumishi wa umma fulani, ambaye lazima atafute ukweli kabla ya kutunga jibu. Katika wizara ya ulinzi meza hiyo ilikuwa ya Clive Ponting. Mwaka 1984 aliandaa majibu ya kweli kwa maswali ya Dalyell, mawaziri wakaona afadhali wasiyatoe. Julai mwaka huo Ponting alitia nyaraka mbili kwenye bahasha na kumpelekea Dalyell bila jina. Moja ilikuwa inashauri jinsi ya kuinyima kamati ya mambo ya nje maelezo kuhusu suala hilohilo.

Kumbukeni 1968. Safari hii Dalyell hakukimbilia gazeti. Alifuata utaratibu: kamati ya mambo ya nje ilikuwa inachunguza, naye akahakikisha karatasi zinaifikia. Mwenyekiti wa kamati, Sir Anthony Kershaw, alikuwa wa chama tawala. Alizisoma, akazirudisha wizarani kwa waziri.

Ndiyo, mmesikia vizuri. Kamati iliyopewa kazi ya kuikagua wizara ilipelekewa ushahidi kwamba wizara inaificha mambo, ikaukabidhi ushahidi huo kwa wizara. Kutoka hapo haikuchukua muda Ponting kujulikana na kushtakiwa kwa sheria ya siri za serikali ya 1911. Kamati teule za kufuatilia kila wizara zilikuwa zimeanzishwa mwaka 1979 kwa matumaini makubwa, na wenyeviti wao wakati ule walipatikana kwa mipango ya wanadhimu. Kuchaguliwa kwa kura ya siri ya wabunge wote kulianza 2010 tu. Anayewaambia kwamba kamati ina nguvu kuliko ukumbi, muulizeni kwanza mwenyekiti wake kawekwa na nani.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey, mahakama ya kesi kubwa za jinai jijini London. Jaji aliwaelekeza wananchi kumi na wawili wa juri kwamba maslahi ya taifa ni yale serikali iliyopo inayosema ndiyo. Februari 1985 juri wakamwachia Ponting huru. Serikali nayo haikulala: sheria mpya ya 1989 haikuacha nafasi ya mtumishi kujitetea kwamba alitoa siri kwa manufaa ya umma. Ripoti ya kamati ilipotoka, wajumbe waligawanyika kwa vyama, wale wa Labour wakaandika maoni yao peke yao. Hakuna waziri aliyejiuzulu kwa sababu ya Belgrano.

Je, Dalyell alikuwa sahihi? Hapa mimi huachana naye kidogo. Aliamini meli ilizamishwa ili kuua juhudi za amani zilizokuwa zikipitia Peru, na hilo halijathibitishwa. Nahodha wa Belgrano mwenyewe, Héctor Bonzo, alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba halikuwa kosa la jinai la kivita; lilikuwa tendo la vita. Kugeuka kwa meli baharini si kusalimu amri, inaweza kugeuka tena.

Lakini swali la kama meli ilistahili kupigwa na swali la kama Bunge liliambiwa kweli ni maswali mawili, na la pili lilijibiwa. Aprili 1984 Thatcher alikiri kwa barua kwamba Belgrano ilionekana tarehe 1 Mei, si 2. Ilichukua karibu miaka miwili kusogeza tarehe hiyo kwa siku moja.

Nimalizie hapo, naona mikono imeshainuka. Dada wa pale nyuma, anza wewe. Swali fupi, tafadhali.