Kukata na kusaga siti ya valvu ya pikipiki kwa mkono

Wakubwa shikamooni, na vijana habari za kazi.

Msimu wa korosho pikipiki zinapandisha mlima wa Newala na magunia nyuma, kisha zinaletwa kwetu: kiki nyepesi, asubuhi haziwaki, eksozi inapiga makofi. Usikimbilie kufungua hedi, yaani kichwa cha injini. Pima tapeti kwanza, yaani nafasi kati ya roka na ncha ya shina la valvu, injini ikiwa baridi. Kwa muundo wa Honda CG125 ni milimita 0.08, inteki na eksozi. Wengi tunaibana ili isigonge, na hapo ndipo tunapoua valvu. Valvu ya eksozi hutoa joto lake pale inapokalia siti, yaani duara la chuma kwenye hedi ambalo valvu hufunga juu yake. Isipokaa vizuri, joto halina pa kwenda, ukingo unaungua.

Tapeti ikiwa sawa, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki tena. Ikiwa nzito, tatizo ni ringi. Ikibaki nyepesi, sasa fungua.

Kabla ya kugusa siti, angalia gaidi, yaani bomba dogo ambalo shina la valvu hupita ndani yake. Inua valvu kama sentimita moja, itikise. Ikicheza sana, badilisha gaidi kwanza, kwa sababu fimbo ya kikatio, yaani kifaa cha kukatia siti, inaongozwa na tundu hilohilo. Gaidi iliyolika inakupa siti yenye umbo la yai, si duara, na hakuna dawa ya kusagia itakayoiokoa.

Vikatio ni vitatu: digrii 45 ya uso wenyewe, 30 ya juu, 60 ya chini. Kwangua masizi yote, anza na 45. Zungusha upande mmoja tu, kwa uzito wa mkono, bila kuegemea. Ukilalia upande au ukikandamiza, chuma kinatoka na mawimbi kama bati. Ukiona hivyo punguza nguvu, zungusha polepole mpaka yaishe. Vidoti, yaani vishimo vya kuungua kwenye siti, vikishaondoka, acha. Chuma ulichokata hakirudi.

Sasa paka siti wino wa maka peni, uukaushe, weka valvu, ikandamize na kuizungusha kidogo. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Mstari wa mguso uwe katikati ya uso wa valvu, upana karibu milimita 1, bila kukatika popote. Umepanda kuelekea ukingo wa nje? Kata kidogo kwa 30. Umeshuka kuelekea shina? Kata kwa 60. Mstari mpana mno unanasa masizi. Mwembamba mno haupitishi joto. Malizia kwa 45, mguso mwepesi tu.

Dawa ya kusagia ni ya kung'arisha, basi. Tia laini kidogo, peleka na kurudisha, inua, geuza robo, rudia. Rangi ya kijivu ikienea sawa, imetosha. Anayesaga nusu saa anachimba mfereji kwenye valvu. Dawa isiguse shina, na osha kila kitu kwa mafuta ya taa: punje zikibaki zinakula gaidi.

Funga springi, mimina petroli kwenye njia ya eksozi, subiri dakika tano. Upande wa chumba cha moto ukilowa, rudi kwenye wino. Fanya vivyo hivyo kwa inteki.

Na siti ikishuka, shina linapanda, nafasi ya tapeti inapungua. Iweke upya 0.08, na mwambie mwenye pikipiki airudishe baada ya siku chache uipime tena.