Mbona Unajitengenezea Baiskeli Mwenyewe Huko Ujerumani?

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, na shikamooni wakubwa zangu mnaonitazama. Tangu mlivyoniona katika video iliyopita nimepiga magoti roshani, nikikereza kitu ndani ya fremu ya baiskeli, swali limekuwa lile lile: mtu aliyefika Ujerumani anakosaje gari, na akikosa gari, anakosaje pesa za fundi? Wapo wanaosema najionyesha, na wapo walioniambia kwamba kama maisha yamenishinda nirudi zangu Kisauni. Mimi sijisifu wala simlilii mtu.

La gari ni fupi. Leseni yangu ya Kenya ilinifaa kwa miezi 6 tangu nihamie huku, na baada ya hapo sheria inanitaka nifanye upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Kabla ya mtihani kuna tafsiri rasmi, cheti cha macho na mafunzo ya huduma ya kwanza, kila karatasi na malipo yake, na ofisi moja ilinirudisha kwa sababu jina langu la tatu limo kwenye pasipoti na halimo kwenye leseni. Nikanunua baiskeli kuukuu kwa euro 80.

Ama fundi, sikilizeni. Nguzo ya kiti, yaani lile bomba linalobeba kiti na kuingia ndani ya fremu, ilikatika nikienda kazini, sawasawa na mdomo wa bomba la fremu, kikabaki ndani kipande cha karibu shibiri moja, na juu pasiwe na pa kushika hata kwa koleo. Karakana niliyoiendea ilitaka euro 60 kwa saa, bila ahadi kwamba kitatoka, na fremu ikiharibika hasara ni yangu. Anayeona kuikwepa bei hiyo ni majivuno, na anitumie hizo euro.

Kilichokikwamisha kipande hicho si kutu ile mnayoijua kwenye Black Mamba, zile baiskeli zetu nzito za chuma. Nguzo ilikuwa ya aluminiamu na fremu ni ya chuma, na metali hizi mbili zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, kisha unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa na kujikaza kama kabari. Sisi wa pwani tunaujua upepo wa bahari unavyokula mabati. Huku chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na gurudumu la nyuma huirusha moja kwa moja hadi hapo.

Binamu yangu wa Likoni, ambaye kwa kawaida hunipigia simu panapohitajika karo, alinishauri niichome fremu kwa moto. Nampenda, lakini aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, hivyo ukivichoma vyote viwili unazidi kukikaza cha ndani. Nikajaribu kinyume chake: niliiacha baiskeli roshani usiku kucha kwenye baridi kali, alfajiri nikagonga kwa tindo, na kipande hakikutikisika. Kostiki ya watengeneza sabuni huyeyusha aluminiamu na kukiacha chuma, ila hutoa joto na gesi inayowaka, nami nakaa nyumba ya kupanga.

Ukabaki msumeno. Nilichukua wembe mtupu wa msumeno wa chuma, nikaufunga upande mmoja kwa leso kuukuu ambayo mama alinifungia mahamri siku ya safari, meno nikayaelekeza kwangu ili ukate ninapovuta, kisha nikaanza kuchana kipande kwa ndani, kutoka juu hadi chini. Hapo sikio hufanya kazi kuliko jicho: aluminiamu hukoroma, na wembe ukigusa chuma sauti hupanda ikawa kali, nawe unasimama papo hapo usije ukaijeruhi fremu. Nilichana mara mbili, nikaacha utepe wa upana wa kidole katikati, nikauchokonoa kwa tindo nyembamba hadi ukainuka, na unga mweupe ukanimwagikia mapajani kama unga wa mhogo. Sehemu iliyobaki niliikunja ndani kwa koleo, ikazunguka, ikatoka.

Kazi hiyo ilinila jioni nne na Jumapili moja, na Jumapili ndiyo iliyoniponza, kwa kuwa huku ni siku ya utulivu. Jirani wa chini hakusema neno. Baada ya siku tatu ikaja barua ya mwenye nyumba. Kwetu jirani angepanda, angenigombeza, kisha angeishika fremu upande wa pili.

Nguzo mpya nimeipata kwa euro 15, na nimeipaka grisi mpaka ikateleza. Msikitupe kile kibovu kabla hamjanunua, kwani vipimo vya unene wa nguzo hupishana kwa milimita 0.2 tu, na changu kilikuwa milimita 27.2. Haya yote ni ya kwangu, kwa fremu ya chuma. Ya kwako ikiwa ya kaboni usinifuate kabisa, na ukiwa na fundi unayemwamini pale Mwembe Tayari, mpelekee.

Na yule ndugu aliyeuliza kama nitamtumia baiskeli hii kwa meli: nauli ni kubwa kuliko baiskeli yenyewe.