Ulimi wa Mkemia: Kaktasi, Meskalini na Glasi Mbili Mezani

Asanteni sana. Mliosimama mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo. Na hizi glasi mbili hapa mezani, tafadhali mtu asizinywe. Ni maji ya mpungate, kaktasi iliyojaa hapa kwenu. Tutayarudia.

Nimealikwa niseme habari za kaktasi zinazolewesha, nikajua ukumbi utajaa. Ningetangaza mhadhara wa mpungate, hapa Laikipia, mngeniambia nianze kwa kuung'oa. Mbuzi wenu wanakula tunda lake, miiba inawajaa mdomoni; ndovu anabeba mbegu na kuzipanda kila anapokunya. Nawaelewa.

Kwanza tusichanganye mambo. Mimea mingi tunayoiita kaktasi huku kwetu si kaktasi. Mnyaa si kaktasi. Ukikata tawi lake unatoka utomvu mweupe, na mimi nilipokuwa kijana niliusukuma ua wa minyaa kisha nikajifuta jicho. Usiku ule sikulala. Kaktasi halisi zote kwao ni Amerika, isipokuwa moja tu, Rhipsalis, inayoning'inia mitini kama nyuzi, nayo imo katika misitu ya Afrika Mashariki tangu zamani. Hiyo hailewishi mtu.

Inayotafutwa ni peyote. Ungeipita usiione. Haina miiba, ni kitufe cha kijani kilichofifia, kimegawanyika kama boga dogo, na juu kina vishungi kama vya pamba. Sehemu kubwa ya mwili wake ni mzizi, umejificha ardhini kama karoti nene. Kwao ni kaskazini mwa Meksiko na kipande cha kusini mwa Texas, kando ya mto Rio Grande. Porini, kutoka mbegu hadi kukomaa huchukua miaka kumi au zaidi. Shikeni hilo la miaka kumi.

Watu wa Wixárika, wenyeji wa Meksiko, huiita hikuri, na huifuata kwa ibada hadi jangwa la Wirikuta. Kwao hikuri, paa na mahindi ni ndugu wasiotenganishwa. Mwaka 1620 mahakama ya kanisa kule Meksiko iliipiga marufuku, ikashindwa kuifuta. Na Marekani lipo Native American Church, kanisa la wenyeji asilia, lililosajiliwa Oklahoma mwaka 1918, ambalo waumini wake huila peyote katika sala ya usiku kucha. Kwao hiyo ni sakramenti. Neno starehe halina nafasi pale.

Sasa, kemia. Mwaka 1888 mtaalamu wa dawa wa Berlin, Louis Lewin, alichapisha uchunguzi wake wa vitufe vilivyokaushwa. Ndani yake mlikuwa na alkaloidi, yaani kemikali za mimea zinazoathiri mwili. Lakini njozi zinatoka wapi? Arthur Heffter wa Leipzig akazitenganisha alkaloidi moja moja, na hapo ndipo kazi ilipogoma. Ukimpa chura utaona misuli inakakamaa, basi. Chura hasimulii alichokiona. Kwa hiyo Heffter akazimeza mwenyewe, kila moja kwa zamu yake, na tarehe 23 Novemba 1897 ikafika zamu ya meskalini, na hiyo ndiyo inayoleta njozi. Akaona madoa ya zambarau na ya kijani, akifumba macho anaona mapambo kama ya zulia. Pia akapata kichefuchefu na kizunguzungu, ingawa hiyo sehemu vijana huwa wanairuka wakisimulia.

Mwaka 1919 Ernst Späth wa Vienna akaitengeneza meskalini maabara, bila kaktasi yoyote, na muundo wake ukajulikana. Ndiyo sababu kijana mmoja aliponipigia simu akiuliza kama anaweza kufanya jikoni alichofanya Heffter, nilimjibu: unataka kujua nini ambacho hakijulikani? Akanyamaza. Swali lake halikuwa la kemia.

Njia yenyewe sitaieleza. Nitasema tu nilichoona katika miaka yangu ya kufundisha: mtu anayechezea viyeyushi vinavyoshika moto na magadi makali karibu na jiko la gesi huungua uso kabla hajapata jibu. Na akipata kitu chupani, hajui ni nini. Peyote ina alkaloidi zaidi ya 50. Heffter alikuwa na maabara na miaka ya mazoezi, huyu ana sufuria ya ugali. Tena meskalini imo katika jedwali la kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, pamoja na vitu vinavyodhibitiwa kuliko vyote. Polisi hawatauliza kama ulikuwa unajisomea tu.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile la miaka kumi. Mchumaji mwenye adabu hukata kichwa tu, usawa wa ardhi, mzizi ukabaki uchipue tena. Mwizi huchimba mzima mzima. Ongeza matrekta yanayolima mbuga za Texas, na mmea huo sasa umo katika orodha ya iliyo hatarini. Mtu wa mbali anayeagiza kitufe kilichochimbwa ili ajaribu wikiendi moja anakula sakramenti ya mzee ambaye mwaka huu atakosa. Afadhali wale wanaopenda mmea wenyewe, katika nchi zinazoruhusu: hupanda mbegu, kisha mche wa ukubwa wa kichwa cha kiberiti huukata kwa wembe na kuupandikiza juu ya kaktasi inayokua haraka, kama mnavyopandikiza miembe. Hao hawagusi pori.

Sasa glasi zetu. Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, aliyekuwa India. Alionja majani ya mmea mmoja mnene wa bustanini: alfajiri makali kama siki, adhuhuri hayana ladha, jioni machungu kidogo. Ulimi tu, hakuna mtambo. Mimea ya namna hiyo, kaktasi ikiwemo, hufunga vitundu vyake mchana ili isipoteze maji. Usiku hufungua, huvuta kabonidioksaidi na kuihifadhi kama asidi ya maliki, ile ile ya tofaa. Jua likichomoza, asidi inatumika kutengeneza sukari.

Mpungate wenu hufanya hivyo kila usiku, na mnaukanyaga.

Glasi ya kushoto ni ya jani nililolikata jana jioni, maji yake yakalala kwenye friji. Ya kulia nimelikata leo saa kumi na mbili alfajiri, kwa koleo, maana vile vimiiba vidogo vikiingia kidoleni utavitafuta wiki nzima. Nimeponda, nikaongeza maji kwa sababu ute wake unavutika kama mlenda, nikachuja kwa kitambaa. Kila glasi nimeitia matone kumi ya chai ya rosela, si zaidi, kwani rosela nayo ni chachu. Hapa kuna soda ya kuokea iliyoyeyushwa, inayoua asidi na kuuondoa wekundu wa rosela, na bomba la sindano ya dawa ya watoto.

Mama, wewe wa kilemba cha njano, njoo unisaidie. Tone moja moja, ukikoroga. Nyote hesabuni kwa sauti.

Ya jioni imeanza kupoteza wekundu. Imegeuka. Andikeni idadi.

Haya, ya alfajiri. Tumefika idadi ile ile, na bado nyekundu. Endelea, mama, usisimame.