Hajasahau, Amechanganya: Mhadhara kwa Wahudumu wa Afya, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wahudumu mlioondoka Newala na Tandahimba alfajiri, poleni kwa safari. Habari za Henry Molaison, yule Mmarekani aliyepasuliwa kichwa mwaka 1953, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na kushindwa kuweka kumbukumbu mpya, wengi wenu mlizisoma chuoni. Sizirudii. Zimetufundisha mengi, ila zimetuachia mazoea mabaya: kila mzee akikosea, tunasema amesahau. Nimelipinga jambo hili Masasi, nimelipinga Lindi, na leo nalipinga hapa.

Kuna mzee wa Mikindani, mgonjwa wa presha. Dawa yake ni kidonge kimoja kila asubuhi. Binti yake akirudi sokoni humwuliza, "Baba, umemeza?" Naye hujibu, "Nimemeza, mwanangu." Siku moja binti akahesabu vidonge kwenye bahasha, akakuta cha leo kipo. Akamrudia baba yake. Mzee akaapa kwamba amemeza. Akaeleza alivyokaa barazani na maji yake kwenye kikombe cha bati, mjukuu akapita akienda shule, akamwamkia, ndipo akameza. Binti akaona baba ameanza uongo. Kituo walichokwenda wakamwambia mzee ni mbishi, anakwepa dawa. Baadaye yakatokea ya kinyume: akameza mara mbili asubuhi moja, kwa kuwa kule kumeza alikokukumbuka alidhani ni kwa jana. Kizunguzungu kikamshika, akaanguka uani.

Sasa niambieni, hapo kimesahauliwa nini? Baraza analikumbuka. Kikombe anakikumbuka. Salamu ya mjukuu anaikumbuka. Siku ile alipoapa, kila alichosema kilikuwa kimetokea kweli, ila kilitokea jana. Asubuhi zake zinafanana mno, na ubongo ukaitoa ya jana ukaiweka mahali pa leo. Mtu wa namna hii ukimwambia "jitahidi kukumbuka" unamtesa bure, maana anakumbuka! Akizidi kujitahidi, ya jana ndiyo inazidi kumjia wazi. Kumwita mwongo ni dhuluma, na dhuluma hii inafanyika katika nyumba zetu kila siku, tena na watu wanaowapenda wazee wao.

Hipokampasi ina kazi mbili zinazovutana. Moja ni kukamilisha. Unanusa korosho zinazochomwa, nyumba nzima ya bibi yako inakujia, mpaka sauti yake. Mwingereza David Marr alieleza mwaka 1971 jinsi mtandao wa seli za neva unavyoweza kutoa kumbukumbu nzima kutokana na kipande, na wataalamu wengi wanaihusisha kazi hiyo na eneo liitwalo CA3. Hiyo ndiyo inayosifiwa. Ya pili, ambayo haizungumzwi, ni kutenganisha. Taarifa zinazokwenda CA3 hupitia pia denteti jairasi, ukanda mwembamba wenye seli ndogondogo nyingi. Kwa panya zinakadiriwa kufika milioni 1, nyingi kuliko seli zinazozipelekea taarifa, lakini kwa tukio moja zinazoamka ni chache sana. Kwa kuwa ni nyingi na huamka chache, matukio mawili yanaweza kuingia yakiwa karibu sawa, yakatoka yakiwa yameshikwa na makundi tofauti ya seli.

Karani wa chama cha msingi cha ushirika atanielewa haraka. Wakulima watatu wenye jina moja wakileta korosho, kila mmoja lazima apewe namba yake, la sivyo fedha za huyu zitaingia kwa yule. Denteti jairasi ndiyo inayotoa namba.

Mwaka 2007 maabara ya Susumu Tonegawa, Marekani, ilionyesha jambo hili kwa panya walioondolewa kipokezi kimoja, yaani protini inayopokea ujumbe wa kemikali, katika seli za denteti jairasi tu. Panya hao walijifunza kukiogopa chumba walichopigwa shoti kama panya wengine. Kilichowashinda ni kukitofautisha upesi na chumba kingine kinachofanana nacho. Kumbukumbu wanayo, namba hawana.

Najua kuna anayesema moyoni, "Huo si uzee tu?" Uzee umo, sikatai. Mtafiti wa Marekani, Craig Stark, na wenzake wamewapima watu kwa picha za vitu vya kawaida. Picha ileile ikirudi, wazee wenye afya huitambua karibu sawa na vijana. Ikiletwa inayofanana nayo, wazee husema "ni ileile" mara nyingi zaidi. Umri unapokwenda, taarifa zinazoingia denteti jairasi hupungua nguvu, CA3 nayo huchangamka kupita kiasi, kwa hiyo kukamilisha kunashinda kutenganisha. Lakini "uzee tu" ni neno linalofunga mlango. Mzee anayepotea njia ya kwake, au asiyewatambua wanawe, apelekwe kwa daktari. Na yule anayechanganya leo na jana apewe msaada unaolingana na tatizo lake.

Msaada wenyewe uanze na kuacha lile swali. "Umemeza?" linauomba ubongo ukamilishe, na utakamilisha. Kalenda ukutani, kalamu imefungwa kwa uzi, alama iwekwe hapohapo kabla kikombe hakijatua. Au kisanduku chenye vyumba saba: cha Jumatatu kikiwa tupu, amemeza, kikiwa na kidonge, hajameza, na hakuna wa kugombana naye. Vidonge vyote kurundikwa kwenye bahasha moja iliyoandikwa 1x1 kunamnyima mzee alama ya kutofautisha siku. Nawasihi wanaotoa dawa walifikirie hili. Na penye shaka, asimeze tena kwa kubahatisha, aulize kituoni.

Naona naonyeshwa saa. Kuna dawa ya kifafa, levetiracetam, ambayo kwa dozi ndogo ilituliza hipokampasi ya watu wenye dalili za awali za kupoteza kumbukumbu katika utafiti wa mwaka 2012. Si tiba iliyothibitishwa, msimnunulie mzee. Kuhusu seli mpya kuzaliwa katika ubongo wa mtu mzima, mwaka 2018 makundi mawili yalichapisha majibu yanayopingana, kwa hiyo nalipita. Mahakama ya Rufani yetu ilikwisha kuonya tangu 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na sababu mojawapo mmeisikia leo: ubongo huchanganya yanayofanana. La wanafunzi na masomo yanayofanana naliacha kabisa, kwa sababu mama wa Tandahimba pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu, na ameniambia tulipoingia kwamba mama mkwe wake anajidunga insulini mwenyewe. Hilo ni zito kuliko yote niliyobakiza. Karibu, mama, uliza.