Sindano ya Kupunguza Unene na Fegi ya Asubuhi

Mhadhara uliotolewa Tabora mjini mbele ya wahudumu wa afya, wauza dawa na wakulima

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wetu shikamooni. Wauguzi, wafamasia, wenye maduka ya dawa, na ninyi mliotoka Urambo, Kaliua na Sikonge, karibuni sana.

Nianze kwa kuwatoa hofu. Katika mkoa huu, anayesimama kusema ubaya wa tumbaku huonekana amekuja kutia mchanga kitumbua cha watu. Ada za shule ngapi zimetoka banini, kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, sote tunajua. Leo nazungumza na mvutaji, si na mkulima, ingawa naona hapa wapo ambao ni mkulima na mvutaji ndani ya shati moja.

Swali tulilopewa ni hili: je, ni kweli zile sindano za kupunguza unene zinakata na hamu ya sigara? Jibu langu ni kwamba dalili zipo, lakini hazijatosha kumwandikia mtu sindano hiyo kwa ajili ya sigara peke yake. Na wakati dunia inasubiri, kuna dawa za kuachia sigara zilizokwisha kuthibitishwa, ambazo sisi tunazitumia ovyo au hatuzitumii kabisa.

Tuanze na sindano zenyewe. Utumbo wetu, kila tunapokula, hutoa homoni iitwayo GLP-1. Huiamsha kongosho itoe insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka habari kwenye ubongo kwamba inatosha. Homoni hiyo ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Watengeneza dawa walitafuta inayofanana nayo lakini isiyovunjika upesi, na ya kwanza waliipata pasipotarajiwa: kwenye mate ya mjusi mmoja mwenye sumu wa majangwa ya Marekani. Ndiyo eksenataidi, iliyoruhusiwa kwa wagonjwa wa kisukari huko Marekani mwaka 2005. Baadaye zikaja liraglutaidi, dulaglutaidi, na semaglutaidi ambayo kwenye boksi mtaiona kwa jina la Ozempic au Wegovy. Semaglutaidi ukiichoma leo, baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo mwilini, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki.

Kwa unene, kazi yake haina ubishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu 1,961, ulionyesha kwamba baada ya wiki 68 waliochoma semaglutaidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa dawa kivuli, yaani sindano isiyo na dawa ndani, asilimia 2.4. Wakiacha sindano, sehemu kubwa ya kilo hurudi. Hilo watu hawaambiwi.

Sasa sigara inaingiaje hapa? Milango ni miwili.

Mlango wa kwanza ni uzito. Anayeacha sigara huongezeka kilo 4 hadi 5 kwa wastani katika mwaka wa kwanza, nyingi zikija ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Nikotini ilikuwa ikizima njaa na kuuchochea mwili kuunguza chakula kwa kasi kidogo. Ikiondoka, vyote viwili vinageuka. Kisha kuna mkono. Mkono uliozoea fegi hautulii, utashika karanga, utashika matobolwa, na chai itaongezwa sukari. Suruali ikianza kubana, mtu anasema heri nirudi kwenye sigara yangu. Wapo wanaorudi kwa sababu hiyo tu, na ni hasara, maana kilo 5 hazikaribii hata kidogo madhara ya pakti moja kwa siku.

Mlango wa pili umo ndani ya ubongo, na huu wakulima wataufahamu upesi kuliko madaktari. Anayechuma tumbaku mbichi asubuhi, jani likiwa na umande, bila glovu wala shati la mikono mirefu, nikotini huyeyuka kwenye maji yale na kupenya ngozi. Saa chache baadaye anasikia kizunguzungu, kichwa kinagonga, mate yanajaa mdomoni, anatapika. Mwili umesema imezidi. Kumbe ubongo una njia mbili kwa nikotini: ya raha, inayotumia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na ya kukinai, inayopiga breki. Kwa mvutaji wa miaka mingi mwili umeshazoea na breki imelegea, ndiyo maana yeye hata shambani huugua kidogo kuliko mwenzake asiyevuta. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwa panya kwamba GLP-1 huikaza breki hiyo, na panya wakapunguza wenyewe nikotini waliyokuwa wakijipa.

Lakini panya ni panya. Kwa watu tuna nini?

Huko Houston, Texas, walichukuliwa wavutaji 84 wenye unene au sukari iliyoanza kupanda. Wote walipewa plasta ya nikotini, ya kubandika kwenye ngozi, na ushauri; nusu wakaongezewa eksenataidi mara moja kwa wiki, nusu dawa kivuli. Baada ya wiki 6, walioacha kwenye kundi la eksenataidi walikuwa asilimia 46.3, na kwenye kundi la pili asilimia 26.8. Uzito nao ulitofautiana kwa kilo 2 na nusu hivi. Inapendeza, lakini ni watu 84 na wiki 6.

Kisha tazameni Basel, Uswisi. Watu 255, wote wakitumia vareniklini, ambayo ni dawa nzuri ya kuachia sigara, nusu wakachomwa dulaglutaidi. Baada ya wiki 12 walioacha walikuwa asilimia 63 upande wa dulaglutaidi na asilimia 65 upande wa dawa kivuli. Yaani kwa sigara haikuongeza kitu. Kwa uzito ilisaidia: wa dulaglutaidi walipungua kilo 1 hivi, wenzao wakaongezeka karibu kilo 2. Walipopimwa baada ya mwaka, sindano ikiwa imeshaachwa siku nyingi, tofauti ya uzito nayo ilikuwa imepotea.

Halafu ukaja mwaka 2024 utafiti wa kumbukumbu za hospitali za Marekani, za wavutaji wenye kisukari aina ya pili. Waliopewa semaglutaidi walirudi hospitali kwa tatizo la tumbaku mara chache zaidi kuliko waliopewa insulini, pungufu ya asilimia 32. Magazeti yakapiga vigelegele. Mimi nawaomba mwulize: walihesabu nini? Hawakuhesabu fegi. Walihesabu mahudhurio. Mtu anaweza kuacha kwenda hospitali kwa sababu ameacha sigara, au kwa sababu amechoka kuulizwa habari za sigara. Ni kidokezo, na kidokezo hakiandikiwi cheti cha dawa.

Na tumeshaungua hapa. Mwaka 2006 Ulaya iliruhusu dawa ya unene iitwayo rimonabanti, iliyofunga kipokezi kilekile cha ubongo ambacho bangi hukigusa. Ilijaribiwa na kwa wavutaji pia, watu wakashangilia kwamba tumepata kidonge kimoja cha kuondoa kitambi na sigara. Mwaka 2008 ikasimamishwa, kwa sababu watumiaji walipata sonona na mawazo ya kujiua. Sindano hizi za sasa si rimonabanti, ila anayekumbuka hilo hakimbilii.

Basi tuje kwenye zilizopo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kwa watu wazima wanaoacha tumbaku unataja vareniklini, nikotini ya tiba kama bigijii na plasta, bupropioni na sitisini. GLP-1 haimo.

Bigijii ya nikotini ndiyo inayoharibiwa zaidi na watumiaji, na kosa ni letu tunaoigawa bila maelezo. Ipo ya miligramu 2 na ya 4. Muulize mtu: ukiamka, fegi ya kwanza unawasha baada ya muda gani? Akisema ndani ya dakika 30, mpe ya 4. Akisema zaidi, ya 2. Sasa, haitafunwi kama bigijii ya dukani. Atafune polepole mpaka asikie ukali kama wa pilipili manga kwenye ulimi. Hapo asimame, aiegeshe kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, atafune tena kidogo, aegeshe upande wa pili. Dakika 30, kisha atupe. Akiitafuna mfululizo, nikotini inamezwa na mate, inafika tumboni ambako haina faida, analeta kwikwi na kiungulia, anasema dawa mbovu. Na robo saa kabla, asinywe kahawa, soda wala juisi ya ukwaju, kwa kuwa tindikali huzuia nikotini kupita kwenye ngozi ya mdomo. Wiki sita za mwanzo moja kila saa moja au mbili, na zisizidi 24 kwa siku.

Plasta: anayevuta zaidi ya fegi 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Abandike asubuhi juu ya mkono au kifuani, penye ngozi kavu isiyo na nywele, aliyoiosha bila kupaka mafuta. Plasta ikibanduka kwa jasho, tisa kwa kumi alipaka mafuta. Kila siku abadilishe mahali. Ndoto zikimsumbua, aibandue kabla ya kulala. Plasta na bigijii pamoja vinashinda kimoja peke yake, kwa sababu plasta inashikilia mwili mchana kutwa na bigijii inazima arosto, ile kiu ya sigara, inapopanda ghafla.

Vareniklini ni kidonge cha nusu miligramu mara moja kwa siku 3, mara mbili siku ya 4 hadi ya 7, kisha miligramu 1 mara mbili kuanzia siku ya 8, ambayo ndiyo siku ya kuacha. Wiki 12. Akimeze baada ya kula, na glasi nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu kitamtoa kwenye dawa. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Hii ya pili ina habari ya kuchekesha kidogo: ni dawa ya sigara ambayo, ikichanganywa na dawa nyingine iitwayo naltreksoni, huuzwa Marekani kama dawa ya unene tangu 2014. Kumbe watu wamesafiri njia hii kwa pande zote mbili.

Jambo ambalo wauguzi wa wodini naomba mliandike. Moshi wa sigara, sio nikotini, huliamsha ini livunje baadhi ya dawa haraka. Mgonjwa wa pumu anayetumia aminofilini akiacha sigara, dawa inaanza kujaa mwilini ndani ya wiki ya kwanza: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kutapika. Dozi ipunguzwe kwa robo hadi theluthi, na daktari amfuatilie. Klozapini na olanzapini za wagonjwa wa akili ni vilevile. Hata kahawa: vikombe vilevile vitamkosesha usingizi, na atadhani ni arosto.

Kwa wale ambao tayari wanatumia semaglutaidi kwa kisukari, neno juu ya kalamu yenyewe, yaani hiyo sindano yenye umbo la kalamu. Kabla ya kufunguliwa ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Isigusane na barafu. Iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ukisafiri nayo kwenye kibaridi, izungushie kitambaa kabla ya kuiweka karibu na barafu. Kalamu ya Ozempic iliyokwisha kuanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji hadi siku 56, chini ya nyuzi 30, na Oktoba ya Tabora chumba cha bati kinapita hapo kabla ya saa sita mchana. Mtungi wa maji uliowekwa kivulini husaidia, dashibodi ya gari huiua. Dawa iwe angavu kama maji. Ikiwa na rangi au chembe, usichome. Na msinunue kalamu za kwenye simu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi feki zilizokamatwa nchi kadhaa.

Nina karatasi ya swali hapa, nimalizie nayo. Inauliza: mgonjwa wangu wa kisukari ameanza semaglutaidi na anataka kuacha sigara, aanze lini?

Semaglutaidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5, na kila hatua ya kupanda huja na kichefuchefu. Vareniklini nayo ina kichefuchefu chake. Ukivianzisha pamoja, mgonjwa akitapika hutajua umlaumu nani, na yeye ataacha vyote. Kwa hiyo wiki ya kupandisha dozi isiwe wiki ya kuacha sigara. Subiri dozi itulie wiki 3 au 4, ndipo uanze vareniklini, au umpe plasta ambayo haipiti tumboni. Kama anameza kidonge cha kisukari cha glibenklamidi au anachoma insulini, apime sukari mara nyingi zaidi wiki hizo, maana anakula kidogo, na jasho na kutetemeka kwa sukari iliyoshuka hufanana sana na arosto. Akidhani ni arosto atatafuta bigijii, na anachohitaji wakati ule ni vijiko vitatu vya sukari kwenye maji.