Nani Ashike Funguo za Hazina? Serikali za Miji ya Ugiriki ya Kale

Walimu wenzangu, wageni wetu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma mlangoni, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie aina za serikali katika miji-dola ya Ugiriki ya kale, yaani miji iliyojitawala kila mmoja kama nchi. Wengi wenu mliisoma mada hii sekondari kama ngazi: kwanza ufalme, halafu utawala wa koo kubwa, halafu utawala wa mabavu, na juu kabisa demokrasia ya Athens. Mkaikariri, mkaijibu kwenye mtihani, basi.

Ngazi hiyo haikuwepo. Miji ilikuwa zaidi ya 1,000, kuanzia Hispania hadi Bahari Nyeusi, na kila mmoja ulikuwa na mambo yake. Kule Corinth ukoo mmoja ulitawala mpaka Cypselus alipoupindua katika karne ya 7 K.K., akashika yeye, kisha mwanawe Periander. Syracuse ilikuwa na demokrasia yake, ikaja kuangukia mikononi mwa mtawala wa mabavu, Dionysius, mwaka 405 K.K. Thebes nayo ilikaa chini ya wachache kabla ya kuwapa wengi. Mwanafalsafa Aristotle na wanafunzi wake walikusanya maelezo ya katiba 158. Karibu zote zimepotea. Ile ya Athens tunayo kwa sababu ilihifadhiwa katika mchanga wa Misri, kwenye mafunjo yaliyochapishwa mwaka 1891.

Sparta je? Sparta ilikuwa na kila kitu kwa pamoja. Wafalme wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja wa ukoo wake. Baraza la wazee 28, wote wa miaka 60 na kuendelea, na wafalme wakiwemo wanakuwa 30. Maefori, yaani maafisa wasimamizi, watano, waliochaguliwa kila mwaka, ambao waliweza hata kumshtaki mfalme. Na chini ya wote hao walikuwepo maheloti, watu waliotiwa utumwani kwenye ardhi yao wenyewe; kila mwaka maefori waliwatangazia vita rasmi, ili Msparta akimuua mmoja wao asihesabiwe kuwa na hatia ya damu.

Wazee wa baraza lile la Sparta walichaguliwa kwa kelele. Waamuzi walifungiwa ndani ya nyumba jirani, wasione chochote. Wagombea wakapita mbele ya umati mmoja mmoja, kimya. Umati ukapiga ukelele, na waamuzi mle ndani wakaandika ukelele wa ngapi ulikuwa mkubwa kuliko yote. Huyo ndiye mzee mpya, kwa maisha yake yote. Aristotle aliuita utaratibu huu wa kitoto. Naona kuna wanaocheka; chekeni, lakini ngojeni kidogo, maana Aristotle huyohuyo ana neno linalotugusa na sisi.

Alisema hivi: kugawa vyeo kwa bahati nasibu ni jambo la kidemokrasia, na kugawa kwa uchaguzi ni jambo la utawala wa wachache. Sikilizeni tena. Uchaguzi, ambao sisi tunauona ndio demokrasia yenyewe, kwa Mgiriki wa kale ulikuwa njia ya kuwapa vyeo wenye jina, wenye mali na wenye ulimi. Ukitaka mfinyanzi naye apate zamu, weka majina yote pamoja, uchomoe.

Athens walifanya hivyo kwa dhati. Baada ya mageuzi ya mwanasiasa Cleisthenes mwaka 508 K.K., raia waligawanywa katika makabila 10 mapya, na kila kabila likapeleka watu 50 kwenye Baraza la 500. Hao 50 walipatikana kwa bahati nasibu, wenye umri wa miaka 30 na zaidi, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa barazani zaidi ya mara mbili maishani. Kila kabila lilishika usukani kwa sehemu moja ya kumi ya mwaka, na kila siku mmoja wa wale 50 alitolewa kwa bahati nasibu kuwa mwenyekiti. Kwa usiku mmoja na mchana mmoja alishika muhuri wa dola na funguo za mahekalu yenye hazina. Kesho yake anampisha mwingine, na hashiki tena mpaka afe.

Kwa mahakama walikuwa na chombo maalumu, na vipande vyake vinaonekana hadi leo katika makumbusho ya Agora, uwanja wa soko wa Athens ya kale. Ni bamba la mawe lenye safu za nyufa nyembamba. Raia anayetaka kuwa mmoja wa waamuzi wa kesi mahakamani siku hiyo anatoa kibati chake chenye jina lake, la baba yake na la mtaa wake. Vibati vinachomekwa kwenye nyufa. Ubavuni kuna mrija, ndani yake zimemiminwa gololi nyeusi na nyeupe zilizochanganywa. Inadondoka moja: ikiwa nyeupe, mstari mzima wa majina unaingia kazini, ikiwa nyeusi, mstari mzima unachukua vibati vyake na kurudi nyumbani. Kesi yenyewe husikilizwa siku hiyohiyo. Utamhonga nani, wakati asubuhi hakuna anayejua nani ataketi?

Msidhani walikuwa wajinga wa kumkabidhi mtu yeyote cheo kisha wakaenda kulala. Aliyeangukiwa na bahati ya kuwa mmoja wa maarkoni tisa, maafisa wakuu wa mji, alihojiwa kwanza: baba yako nani, makaburi ya wazee wako yako wapi, wazazi wako unawatunza vizuri, kodi unalipa, vitani umekwenda? Na kila afisa alipomaliza muda wake alikaguliwa hesabu. Vita, hata hivyo, hawakuviachia gololi. Majemadari 10 walichaguliwa kwa kura kila mwaka, na mtu aliweza kurudi mara nyingi atakavyo. Pericles alitawala siasa za Athens kwa kurudi hivyo mwaka hadi mwaka.

Lakini vibati vile vilikuwa vya nani? Vya wanaume raia tu. Wanawake hapana, watumwa hapana, wageni wakaazi hapana hata kama walizaliwa palepale. Mwaka 451 K.K. ni Pericles mwenyewe aliyepitisha sheria kwamba raia lazima baba na mama wote wawe Waathens. Baadaye tauni ikamwulia wanawe wawili halali, akabaki na mtoto wa Aspasia, mwanamke wa Miletus, mji mwingine wa Kigiriki. Sheria yake mwenyewe ilimnyima huyo uraia. Ikabidi awaombe Waathens wampe mwanawe ruhusa ya pekee, wakampa.

Kijana akakua, akawa jemadari. Mwaka 406 K.K. yeye na wenzake walishinda vita vya majini huko Arginusae, ila dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Mkutano wa raia uliwaka hasira. Mtu mmoja, Callixenus, akapendekeza majemadari wote wahukumiwe kwa kura moja, kinyume na sheria. Miongoni mwa waliosimamia mkutano, waliokuwa pale kwa bahati nasibu, mmoja alikataa katakata kuruhusu kura hiyo: mwanafalsafa Socrates. Hakusikilizwa. Majemadari sita waliokuwepo mjini waliuawa, mwana wa Pericles akiwemo. Waathens walijuta baada ya muda mfupi, wakawageukia waliowashawishi. Callixenus alitoroka, akarudi miaka michache baadaye, na Xenophon, mwanahistoria wa wakati huo, anasema alikufa kwa njaa, akichukiwa na kila mtu.